Papa hazai kama dagaa

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wavuvi, wachuuzi na wanafunzi hapa Tanga. Waliokuwa baharini siku ile, na waliokuwa msibani, wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka.

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa sokoni, shikamooni. Vijana wa chomboni, habari za kazi? Nanyi wanafunzi wa kidato cha tatu mliojibanza kule nyuma mkidhani siwaoni, nawaona.

Bwana Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu. Ahsante, lakini wanaonijua wanajua. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kabla ya hapo ni mtoto wa mchuuzi wa papa mkavu wa Ngamiani. Ada yangu ya shule, sare, madaftari, vyote vilitoka kwenye papa. Mama alikuwa akimpasua, akimtia chumvi, akimwanika juani, na harufu ile nilikwenda nayo darasani mpaka wenzangu wakanipa jina. Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia kwamba mla papa ni mtu mbaya. Mchuzi wa papa wa nazi nimekula, na aliyeupika ni mama yangu, sitamtukania mtu.

Nimekuja na neno moja tu, nitalirudia mpaka mlichoke: papa hazai kama dagaa. Mkitoka hapa mmesahau yote mengine, hilo moja mwende nalo.

Lakini nianze na hofu, maana mtu mwenye hofu hasikii. Niwaulize: nani hapa anamjua mtu aliyeuawa na papa? Nasema unayemjua wewe, jina lake na kwao, si uliyesimuliwa na shemeji wa jirani. Mikono juu. Naona mmoja. Mzee wangu, ni nani? Aha, ni babu wa babu yake. Basi Mungu amrehemu.

Chuo Kikuu cha Florida, kule Marekani, kina watu ambao kazi yao ni kuandika kila tukio la papa kumng'ata binadamu, dunia nzima. Wakihesabu wale ambao papa amewaendea mwenyewe bila kuchokozwa, watu wanaokufa kwa mwaka wa kawaida ni watano, sita hivi. Dunia nzima, jamani. Bahari zote. Sasa geuzeni upande wa pili: sisi tunaua papa wangapi? Mwaka 2024 watafiti walichapisha hesabu yao katika jarida la Science, wakakadiria papa milioni 80 kwa mwaka. Igawanyeni hiyo milioni 80 kwa siku, kisha kwa saa. Mnapata zaidi ya papa 9,000 kila saa. Mimi nimepewa nusu saa ya kuzungumza. Mpaka nikae chini, papa zaidi ya 4,500 watakuwa wamekufa. Nani amuogope mwenzake?

Na bado tunamsingizia. Mnakumbuka mwaka 2009? Nchi ilipotafuta jina la kuwaita wala rushwa wakubwa, magazeti yote yakajaa mafisadi papa, mafisadi papa. Papa gani aliyewahi kughushi hati ya malipo?

Hofu hii ina gharama. Wenzetu wa Durban, Afrika Kusini, walipata misiba ya waogeleaji, na mwaka 1952 wakaanza kutega nyavu mbele ya fukwe zao. Mgeni akizisikia nyavu zile hudhani ni ukuta, papa huko, watu huku. Sivyo. Papa anaweza kupita juu yake, chini yake na pembeni yake. Ni jarife tu, wavu wa matundu makubwa kama huu mnaoujua ninyi, kazi yake ni kunasa na kuua ili papa wapungue pale karibu na watu. Na jarife halichagui: wameingia pomboo, wameingia kasa, wameingia taa, wameingia papa ambao hawajawahi kumgusa mtu. Nchi hiyohiyo, mwaka 1991, ikawa ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kwa sheria. Wanamlinda kwa sheria, huku jarife likiendelea kumsubiri ufukweni. Siwacheki. Mtu aliyezika mtoto wake hawezi kuambiwa takwimu za Florida. Nasema tu kwamba hofu ikishika usukani, chombo hakiendi unakotaka.

Sasa huyu papa ni nani? Wanafunzi, hapa ndipo penu. Hana mfupa hata mmoja. Mwili wote umejengwa kwa gegedu, kama sikio lako. Aina zake zinapita 500, na walio wengi hawafikii hata urefu wa mtu. Nasaba yake imo baharini zaidi ya miaka milioni 400, kabla ya dinosaria kwa mbali sana.

Na ana hisi ambayo sisi hatuna. Wavuvi, mmewahi kuona vishimo vidogo vidogo kwenye pua ya papa, ukivibana vinatoa ute? Mwaka 1678 Mtaliano mmoja, Stefano Lorenzini, alivieleza vizuri sana, ila hakujua ni vya nini. Watu wakakaa na fumbo hilo karibu miaka 300. Mwaka 1971 Mholanzi aitwaye Kalmijn akafanya jaribio ambalo mimi hulipenda kulisimulia darasani. Alimfukia samaki bapa mchangani, ndani ya kijumba kilichozuia harufu yake isitoke, asionekane, asisikike. Papa akaja, akaogelea juu yake, akageuka, akachimba palepale. Kalmijn akafunika kijumba kwa nailoni nyembamba inayozuia umeme. Papa akapita kama hakuna kitu. Mwisho akamwondoa samaki kabisa, akafukia nyaya zinazotoa umeme mdogo kama ule wa mwili wa samaki. Papa akachimba nyaya!

Kumbe kila kiumbe hai majini hutoa umeme kidogo, moyo unapodunda, shavu linapotanuka, na papa anausikia. Taa ajifukie vipi, papa anajua yupo. Mnyama wa namna hiyo sisi tunamwita jinamizi lisilo na akili.

Haya, tufike kwenye neno langu.

Jodari jike mmoja huachia mamilioni ya mayai kwa msimu. Mamilioni. Mengi yataliwa, mengi yataharibika, lakini wakibaki wachache tu, ukoo unaendelea. Dagaa naye hivyohivyo: anakua haraka, anazaa haraka, anakufa haraka. Ukimvua sana leo na ukampumzisha, huenda akarudi.

Papa je? Chukueni papa pingusi, huyu mwenye kichwa cha nyundo, mnayemjua wote. Jike lake huchukua zaidi ya miaka kumi kupevuka. Mimba yake hukaribia mwaka mzima. Anazaa watoto 12, akijaliwa sana 41. Na huyo ndiye mzazi hodari! Yule papa wa mkia mrefu kama upinde, anayevuliwa huko bahari kuu, anazaa wawili, watatu, wanne basi. Kuna papa mwingine wa pwani ya Afrika Kusini, meno yake yametokeza nje hata akifunga mdomo. Huyo ana matumbo mawili ya uzazi, na ndani ya kila tumbo mtoto aliyetangulia kukua huwala ndugu zake wote. Mama anabeba mimba karibu mwaka, anazaa wawili. Msishangae, wanafunzi, ndivyo ilivyo, na kwenye mtihani haiji.

Papa mweupe jike inakadiriwa hupevuka akiwa na miaka kama 33. Miaka 33! Binadamu wa umri huo anasomesha. Na yuko papa wa maji ya barafu kule Greenland ambaye wanasayansi walimpima umri kwa kutumia lenzi ya jicho lake, wakachapisha mwaka 2016: aliye mkubwa kuliko wote waliompima alikuwa na miaka isiyopungua 272, na jike lake linaanza kuzaa likifika miaka kama 150. Yaani yupo papa anayeogelea leo aliyezaliwa kabla Seyyid Said hajahamia Unguja, kabla Mjerumani hajakanyaga Tanga hii, na pengine bado anajiona kijana.

Potwe wetu huyu, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mpole, mwenye madoa, anayekusanyika Mafia, mpaka juzijuzi watu hawakujua hata anazaaje. Mwaka 1953 meli ya uvuvi iliokota yai lake moja katika Ghuba ya Meksiko, ikaaminika anataga. Ikaaminika hivyo miaka arobaini na kitu. Mwaka 1995 wavuvi wa Taiwan wakamvua jike, wakampasua, wakakuta ndani yake watoto karibu 300, wa umri mbalimbali, wengine tayari kuzaliwa. Ndipo ikajulikana kwamba mayai huanguliwa humohumo tumboni, naye huzaa. Elimu hiyo ilipatikana kwa kumuua mama na watoto wake 300. Tangu hapo hawajapata mwingine wa kumlinganisha naye.

Mama zangu wa sokoni, ninyi mtanielewa haraka kuliko maprofesa. Mwenye mtaji wa laki mbili, biashara inamwingizia faida ya elfu tano kwa siku, na yeye anatoa elfu kumi kila siku za matumizi nyumbani. Anafilisika lini? Si kesho. Kesho bado anakula vizuri, majirani wanamsifu. Wiki ya pili mzigo umepungua kidogo, anasema msimu mbaya. Siku ya arobaini hana hata la kufungulia genge. Hicho ndicho tunachomfanyia papa. Tunakula mtaji, na kwa sababu bado tunakula, tunadhani biashara ipo.

Je, nchi nyingine wameshafika siku ya arobaini? Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya papa na taa wa bahari kuu: tangu 1970 wamepungua kwa asilimia 71. Katika kila kumi waliokuwapo wakati mzee yule pale alipokuwa kijana, saba wameondoka. Mwaka huohuo wataalamu waliopitia aina zote za papa na taa wakakuta zaidi ya theluthi moja ziko hatarini kutoweka, na sababu kubwa si joto la bahari wala taka, ingawa hizo nazo zipo. Sababu kubwa ni uvuvi.

Msiamini makaratasi, tuulizane wenyewe. Wazee, nani amewahi kumwona papa upanga, kwa macho yake, akiwa hai au amevuliwa? Mikono. Moja, mbili, nne, saba. Mzee wangu pale ananyosha mikono yote miwili. Haya, vijana wa chini ya miaka thelathini. Nani? Nani? Hakuna. Hakuna hata mmoja, nanyi mnakwenda bahari ileile, mwamba uleule. Papa upanga alikuwa akipatikana katika pwani za nchi 90 hivi duniani. Katika nusu hivi ya nchi hizo sasa anadhaniwa hayupo tena. Na aliondoka kimya. Hakuna aliyetangaza kwamba huyu mliyemvua leo ndiye wa mwisho. Upanga wake wenyewe ndio ulimponza, maana ulinasa katika kila wavu.

Nirudi kwenye jarife, maana Tanga ina hadithi yake na nyavu hizi, na dunia nzima inaijua kuliko watoto wetu.

Wanasayansi waliamini samaki mmoja wa kale, silikanti, alikwisha kabisa pamoja na dinosaria, miaka milioni 65 na zaidi iliyopita. Desemba 1938, mjini East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamkuta kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Dunia ikashikwa na butwaa. Kwetu Tanzania alionekana 2003, na muda si muda wavuvi wa huku kwetu, Kigombe na jirani zake, wakaanza kumtoa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akinaswa na nini? Jarife. Jarife la papa lililoshushwa kwenye kina kirefu, kwenye miteremko ya mwamba, kwa sababu papa wa maji ya juu walikuwa wamepungua na watu wakawafuata chini. Hakuna aliyemtafuta silikanti. Nyama yake yenyewe haina mnunuzi. Lakini jarife halichagui. Ndiyo maana leo tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, tangu 2009.

Nimewasimulia hii kwa sababu hapa kuna watu walioumia na hifadhi ile, waliokatazwa mahali walipozoea kutega, na najua bado kuna donge. Sitaki kulipuuza. Ila tuwe wakweli: tatizo halikuanza siku ilipowekwa hifadhi. Lilianza siku papa wa juu walipokwisha tukaona suluhisho ni kamba ndefu zaidi. Na mkifika chini kabisa, kamba mtairefushia wapi?

Najua mnachosema moyoni. Mwalimu, mbona unatubana sisi wenye ngalawa na mashua, na meli kubwa je?

Mna haki. Nimelisubiri swali hilo, na jibu lake halifurahishi.

Kwa miaka mingi kilio cha dunia kilikuwa mapezi. Papa anavuliwa, anakatwa mapezi, mwili unatupwa baharini, mara nyingine angali hai, kwa sababu ya supu ya harusi na karamu huko Hong Kong na China. Dunia ikachukia, sawasawa. Sheria zikatungwa: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukasema papa yeyote lazima afike bandarini na mapezi yake mwilini. China yenyewe ikaiondoa supu hiyo kwenye karamu za serikali. Nchi nyingi zikafuata, kila mtu akapumua. Sasa sikilizeni. Wale watafiti wa 2024 walipohesabu, walikuta sheria za namna hiyo zimeongezeka kwa kasi, na papa waliouawa hawakupungua. Walikuwa milioni 76 mwaka 2012, wakafika milioni 80 kufikia 2019. Sheria zinaongezeka, vifo vinaongezeka!

Kwa nini? Kwa sababu sheria ilisema usitupe mwili, haikusema usimvue. Nahodha akalazimika kuuleta mwili bandarini, na mwili ukishafika bandarini unatafutiwa soko. Nyama ya papa ikapata wanunuzi wapya, mara nyingi kwa jina lingine ili mlaji asijue. Watu walipiga vita ukatili, wakashinda kiasi. Lakini kinachommaliza papa ni idadi. Ukimuua kwa adabu, ukamla mpaka mkia, bado amekufa, na bado hazai kama dagaa. Ndiyo maana mimi hata simshangilii anayesema, sisi huku hatutupi kitu, tunakula wote. Ni kweli, na ni ustaarabu, lakini papa hana faida nao.

Na meli kubwa zipo, tena kwenye maji yetu. Januari 2018, katika Operesheni Jodari, maofisa wa Tanzania waliikagua meli ya kamba ndefu yenye bendera ya Malaysia, wakakuta mapezi ya papa yasiyo na miili. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, na ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, imekataza meli kubaki na yule papa wa mkia mrefu tangu 2010, na papa wa mapezi yenye ncha nyeupe wa bahari kuu tangu 2013. Vizuri. Lakini katikati ya bahari usiku wa manane, nani anaangalia?

Papa naye hajui mpaka wa nchi. Mwaka 2003, kule Afrika Kusini, papa mweupe jike alifungwa chombo cha setilaiti pezini, wakampa jina Nicole. Akakata Bahari ya Hindi nzima mpaka Australia kwa siku 99, zaidi ya kilomita 11,000. Wakadhani ndio kahama. Kabla miezi tisa haijatimia akaonekana palepale alipotokea, wakamtambua kwa alama za pezi lake. Alikwenda na kurudi. Kulindwa Afrika Kusini kulimsaidia nini alipokuwa katikati ya safari? Kwa hiyo ninyi mnaosema serikali ibanane na meli kubwa kwanza, semeni kwa sauti, mimi nitasimama nanyi. Ila yule papa mchanga aliye mikokoni kwetu, meli ya Malaysia haifiki huko. Huko tunafika sisi.

Hebu nendeni Deep Sea alfajiri, samaki wanapoteremshwa, mtazame papa waliolala pale. Papa wa urefu wa mkono. Papa ambaye kovu la kitovu halijafunga. Ndiyo, papa pingusi ana kitovu, tazameni katikati ya mapezi ya kifuani. Huyo ana siku chache tangu azaliwe. Mama yake alikuja kumzalia maji madogo, mlangoni mwa mto, kwenye mikoko, ili papa wakubwa wasimle. Akakutana na kokoro, wavu wa kukokota mpaka ufukweni, ambalo sheria imelikataza miaka mingi na sisi sote tunajua linavutwa wapi na saa ngapi.

Kuna waliosimama kwenye mikutano wakasema papa akiisha bahari yote itakufa. Mimi sisemi hivyo, maana sayansi bado inabishana, na kuna utafiti uliovuma sana kisha ukapingwa. Nitasema kilichoonekana. Magharibi mwa Australia kuna ghuba yenye papa wakubwa wenye milia, na uwanda mpana wa majani ya bahari, na nguva, na kasa. Watafiti wamekaa pale miaka mingi. Wakaona papa hawamalizi nguva wala kasa. Wanawatia woga tu. Nguva akijua papa yupo, hatulii mahali pamoja akala mpaka mzizi. Anakula, anasogea. Majani yanapata nafasi ya kuota, na ndani ya majani hayo samaki wadogo wanakulia. Sisi nguva wetu wamebaki wachache sana, huko Rufiji na Kilwa. Majani tunayo. Changu na tasi wenu wanakulia mlemle.

Mama wajawazito, na mabinti mnaotarajia, hili ni lenu na ni fupi. Papa mkubwa anakula samaki waliokula samaki, na zebaki iliyomo katika samaki hao inajikusanya mwilini mwake, mwaka baada ya mwaka. Zebaki hiyo inadhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mjamzito na mtoto mdogo wasile papa. Dagaa wapo, tena wana madini ya chokaa.

Mzee pale nyuma ameuliza, na naomba wote msikie: "Mwalimu, watoto wale nini?" Mzee wangu, swali lako ni zito kuliko hotuba yangu. Ningeweza kukwambia habari za Maldivi, waliopiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010 kwa sababu wageni wanalipa kuwaona wakiwa hai. Ningeweza kukwambia habari za Kilindoni, Mafia, ambako potwe huleta watalii kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ni kweli. Lakini aliye na boti ya watalii si lazima awe yule aliyekuwa na jarife, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Sitakuuzia utalii kama dawa.

Nitakwambia kinachowezekana kwa mikono yetu. Papa pingusi akinaswa na jarife hufa upesi, kwa sababu lazima aogelee ndipo apumue. Kumwambia mvuvi amwachie ni maneno matupu, anamkuta maiti. Kwa hiyo suala ni wapi jarife linategwa, na linalala majini saa ngapi. Tuliondoe milangoni mwa mito miezi ya kuzaa, na ninyi ndio mnaoijua miezi hiyo, si mimi. Kwa dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ni rahisi zaidi: ukifunga ndoana kwa nailoni badala ya waya, papa mkubwa hukata mwenyewe akaenda zake, na jodari bado unampata. Ndoana moja umepoteza. Papa akiletwa hai pembeni ya chombo, kata kamba karibu na mdomo. Na kokoro, jamani, kokoro tuliache, hapa sina lugha laini.

La mwisho ni daftari. Papa wanaoteremshwa hapa wanaandikwa "papa", basi, kilo kadhaa. Pingusi papa, potwe papa, mchanga papa, mwenye mimba papa. Wizara ikiuliza Tanga kuna papa gani, tunajibu papa. Naomba kamati ya BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufukwe na uvuvi, ianze kuandika aina, urefu, jike au dume, na kama ana mimba. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watakuja Jumamosi kwa zamu kusaidia kupima. Ndiyo, ninyi mlio nyuma, mmeshasikia. Mfike saa kumi na mbili asubuhi, na atakayechelewa atafagia banda la mnada.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Ahsanteni kwa kunisikiliza, sasa nipeni maswali.